Patroni ameniuliza kampuni yake ni ya bei gani, nami natamani benki ya uwekezaji

Jambo yaya,

Nina miaka 26, naishi Lubumbashi, komini ya Kampemba. Nilimaliza masomo ya uchumi UNILU na sasa ni mhasibu katika kampuni ya usafirishaji: malori 14 yanayobeba shaba kutoka migodini hadi Kasumbalesa na kurudi na chokaa, mafuta na vipuri. Mimi ndiye ninayefunga bilani kila mwaka, ndiye ninayebishana na watu wa kodi, na ndiye ninayefukuzia ankara kwenye mgodi ambao hulipa siku unayojisikia.

Kazi si mbaya, lakini ndoto yangu ni benki ya uwekezaji: kushauri wanaonunua na kuuza makampuni, kutafutia watu mitaji. Mwaka jana ofisi moja ya Nairobi ilinifanyia usaili kwa video. Walinitumia hesabu za miaka mitatu za kiwanda fulani, wakanipa saa mbili nikadirie thamani yake. Kanuni zote nilikuwa nazo kichwani, nikajaza jedwali, namba ikatoka. Ndipo wakauliza: kwa nini umepunguza kwa asilimia 12? Kwa nini umeandika ukuaji wa asilimia 5? Nikajibu kwamba ndivyo mfano niliosomea ulivyokuwa. Hawakunirudia tena.

Sasa mambo yamekutana. Mwezi ujao zamu yangu ya likelemba (mchango wa kuzungushana) inafika, nitapokea dola 1,200. Kuna kozi ya mtandaoni ya uthamini wa makampuni, dola 900, na mwishoni unapewa cheti. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia minervali (ada ya shule) tangu sekondari, anasema huko ni kutupa pesa. Anataka niziweke kwenye duka lake tuongeze bidhaa. Rafiki yangu mwingine ananiambia niache vyote, nitafute shahada ya uzamili Johannesburg.

Na huku ofisini, mtu kutoka Zambia amemjia patroni akitaka asilimia 40 ya kampuni kwa dola 600,000. Patroni amepiga hesabu yake: malori 14 mara dola 90,000 ni 1,260,000, asilimia 40 yake ni 504,000, basi anaona amepewa ya juu. Lakini usingizi umemkimbia, akaniita: "Wewe ulisoma. Hii kampuni ni ya bei gani?" Nimemwomba wiki mbili.

Nimjibu nini? Na zile pesa nizipeleke wapi?

Mhasibu wa Kampemba

JIBU

Mdogo wangu,

Tuanze na patroni, maana yeye ndiye mwenye haraka, na kwa kuwa hakuna kozi ya dola 900 itakayokupa kesi kama hiyo iliyo mezani kwako: kampuni halisi, mnunuzi halisi, na vitabu ulivyovifunga kwa mkono wako mwenyewe. Wengi wanaotaka kazi hii wanafanyia mazoezi kampuni ambazo hawajawahi kuona hata geti lake.

Hukunitumia hesabu za ofisi, na umefanya vema. Usimtumie mtu yeyote, hata ukiwa unatafuta kazi. Nitatumia namba za kubuni zenye umbo la kampuni kama yenu, wewe utaweka zako.

Kabla ya kufungua Excel, muulize patroni swali moja: hizo dola 600,000 zinaingia wapi? Mfukoni mwake, au kwenye akaunti ya kampuni? Mtu akilipa 600,000 kwa asilimia 40, kampuni nzima imekadiriwa kuwa 1,500,000. Kama patroni anauza hisa zake na kuweka pesa mfukoni, basi kampuni ilivyo leo, bila senti kuongezeka, imeonekana ni ya 1,500,000. Lakini kama pesa zinaingia kwenye kampuni kuongeza mtaji, ile 1,500,000 tayari ina 600,000 za mgeni ndani yake. Kampuni ilivyo leo imekadiriwa 900,000 tu. Maneno ya ofa ni yaleyale, tofauti ni dola 600,000. Nina hakika patroni hajaulizwa hilo na mtu yeyote.

Sasa vitabu. Kampuni za kwetu zinafuata mfumo wa uhasibu wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, na katika jedwali la matokeo unalolijaza kila mwaka kuna mstari wa EBE, yaani kilichobaki cha uendeshaji kabla ya uchakavu, riba na kodi ya faida. Watu wa Nairobi na Johannesburg wanauita EBITDA na ndio wa kwanza wanaoutazama. Tuseme mauzo yenu ni dola 3,000,000 na EBE ni 600,000. Namba hiyo usiiamini bado, maana vitabu vya kampuni ya familia vimechanganyika na nyumba ya mwenye kampuni. Wewe unajua yaliyomo: minervali ya watoto wa patroni iliyoandikwa kama gharama, mafuta ya jenereta ya nyumbani kwake kila SNEL inapokata umeme. Tuseme 40,000, hizo zirudishe, mnunuzi hatazilipa. Lakini patroni hajilipi mshahara, na siku akiondoka itabidi aajiriwe mkurugenzi: toa 60,000. Na yadi ya malori iko kwenye paseli (kiwanja) ya mke wake, bila kodi ya pango: toa 36,000 kwa mwaka. Kilichobaki ni 544,000. Kila marekebisho yaandikie mstari mmoja wa maelezo na namba ya akaunti ulikoyatoa. Karatasi hiyo moja, mdogo wangu, ndiyo mhakiki wa mnunuzi atakayoipigania kwa siku kadhaa, na ni kazi ya mhasibu aliyekaa ndani ya kampuni. Anayejua kanuni tu haiwezi.

Hapa wengi wanakimbilia kizidisho. Wanasikia kwamba kampuni za usafirishaji zinauzwa mara nne ya EBITDA, wanazidisha, wanapata 2,176,000, wanafunga kompyuta. Mara nne ya nani? Ya kampuni ipi, barabara ipi, mteja gani?

Wewe endelea na malori. Lori linalokwenda Kasumbalesa kila wiki na kusubiri foleni mpakani halizeeki kama gari la harusi. Tukisema linadumu miaka 7, malori 14 yanataka mawili mapya kila mwaka, yaani dola 180,000 kila mwaka ili kubaki palepale. EBE haizioni hizo. Toa 180,000 kwenye 544,000, zinabaki 364,000. Kodi ya faida ni asilimia 30, na tukichukulia uchakavu wa vitabuni unalingana na bei ya hayo malori mawili, inaondoka kama 109,000. Fedha huru zinazobaki kwa mwaka ni 255,000 hivi. Hiyo ndiyo pesa ambayo wenye mtaji, benki na wanahisa, wanaweza kugawana bila kampuni kudhoofika.

Chukua kwamba hali inabaki hivyo miaka yote bila kukua, na mwekezaji anataka asilimia 20 kwa mwaka kwa hatari ya biashara hii: 255,000 gawanya kwa 0.20 ni 1,275,000. Linganisha na ile 2,176,000 ya kizidisho. Pengo la karibu dola 900,000, kwa kampuni ileile! Sehemu kubwa ya pengo hilo ni malori yanayokufa. Mtu akikuuliza kwenye usaili kwa nini njia mbili zimetoa majibu mawili, usiseme kwamba umechukua wastani. Mwonyeshe malori.

Kuhusu ukuaji: ulipoandika asilimia 5 Nairobi, nadhani uliona ukuaji ni jambo jema linaloongeza thamani tu. Kumbuka mgodi wenu hulipa siku unayojisikia. Tuseme baada ya siku 90. Kwa mauzo ya 3,000,000, kuna kama 740,000 ambazo mmeshazifanyia kazi, mmelipa mafuta na madereva, na hazijaingia. Mauzo yakikua asilimia 10, zinafungika 74,000 nyingine mwaka huohuo. Zitoke wapi? Kwenye zile 255,000. Na bado hujanunua lori la kubebea huo mzigo wa ziada. Kampuni za usafirishaji katika ukanda wa shaba hufa zikiwa na kazi nyingi. Jambo hilo umeliona kwa macho ukikimbizana na ankara, ila hukujua kwamba ndilo jibu la swali la usaili.

Halafu kiwango cha punguzo, yaani faida ya mwaka anayoidai mwekezaji kwa hatari anayoibeba: ile asilimia 12 iliyokunyima kazi. Hakipatikani kwenye mfano wa mtu mwingine, kinajengwa. Unaanza na riba ya hati za serikali ya Marekani, kwa kuwa mnahesabu kwa dola; ukihesabu kwa franka, kila kitu kiwe cha franka, usichanganye. Unaongeza malipo ya kuvumilia hisa badala ya hati za serikali. Unaongeza hatari ya nchi. Profesa Aswath Damodaran wa Chuo Kikuu cha New York huweka mtandaoni, bure, majedwali ya hatari za nchi pamoja na masomo yake mazima ya video, na Kongo imo kwenye majedwali hayo. Mwisho unaongeza yale ya kampuni yenyewe: ni ndogo, inategemea mteja mmoja. Ukifika 18, 20 au 22, sawa, mradi uweze kuitetea kila hatua. Nami sijali sana kama umesema 19 au 21. Ninachotaka kuona ni kama unajua gharama ya neno lako: kwa asilimia 20 kampuni hii ni 1,275,000, kwa 15 ni 1,700,000. Toa deni la benki la malori, tuseme 500,000, rudisha 80,000 zilizoko kwenye akaunti. Wenye hisa wanabakiwa na 855,000 au 1,280,000. Kiwango kimehama kwa pointi tano, thamani ya hisa imepanda kwa nusu.

Sasa rudi kwenye hesabu ya patroni. Amezidisha malori yake mazee kwa bei ya malori mapya, na deni la benki hakulitoa. Namba yake, 1,260,000, imeangukia karibu na ile ya juu kwa bahati tu. Ukitumia namba zako na zikatoka kama hizi zangu, mwambie hivi: kama pesa zinaingia kwenye kampuni, huyu mgeni anakupa 900,000 kwa kampuni yako ya leo, yuko upande wa chini, mbishanie. Kama zinaingia mfukoni mwako, anakupa 1,500,000, iko juu ya hesabu zangu zote, na ningependa kujua anaona nini ambacho sisi hatukioni. Pengine ana mizigo yake upande wa Zambia inayotafuta malori ya kurudi. Thamani hiyo ni ya kwake, si ya kampuni, lakini hakuna ubaya kuiuza.

Mwambie pia kwamba asilimia 40 si 40 tu. Chini ya sheria ya makampuni ya OHADA, kubadili katiba ya SARL (kampuni yenye dhima yenye kikomo) kunataka robo tatu ya mtaji, na katika SA (kampuni ya hisa) kunataka theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Mgeni mwenye 40 anaweza kuzuia vyote viwili. Patroni aliyezoea kuamua peke yake akiwa ameshika simu mkono mmoja, hilo alisikie kabla ya kutia sahihi, na alisikie kutoka kwa mwanasheria, si kwako.

Wakishindwa kukubaliana kuhusu mkataba wa ule mgodi, kama utaendelea au la, kuna dawa, na mfano wake uko hukuhuku kwetu. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani iliuza sehemu yake ya Tenke Fungurume, sawa na asilimia 56 ya mgodi, kwa China Molybdenum. Bei ilikuwa dola bilioni 2.65, pamoja na nyongeza hadi milioni 120: milioni 60 kama wastani wa bei ya shaba ungepita dola 3.50 kwa ratili katika miaka ya 2018 na 2019, na milioni 60 kama kobalti ingepita dola 20. Muuzaji aliamini bei zitapanda, mnunuzi hakutaka kulipia imani ya mtu. Hawakulazimishana, waliiandika kwenye mkataba. Patroni naye anaweza kusema: nipe kiasi hiki leo, na kiasi kile mgodi ukisaini tena.

Usiuache mfano huo hapo, maana unakuingiza kwenye mazoezi yako mwenyewe. Gawanya bilioni 2.65 kwa 0.56: mgodi mzima ni kama bilioni 4.73. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu, ilikuwa na asilimia 20, na Lundin Mining ya Kanada ilikuwa na 24. Mwaka uliofuata Lundin iliuza zake kwa BHR, kampuni ya uwekezaji ya China, kwa bilioni 1.136. Gawanya kwa 0.24, uone unapata nini. Wale wa mwisho walipimwa kwa rula ya wale wa kwanza. Hii ndiyo njia ya kutumia mauzo yaliyopita, na umeielewa kwa mgawanyo mmoja.

Kongo hatuna soko la hisa, kwa hiyo wengi wa huku wanadhani hakuna cha kusomea. Viko vingi kuliko wanavyodhani. KCB ya Kenya ilipochukua asilimia 85 ya TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi, mwishoni mwa 2022, bei iliwekwa kwa kuzidisha thamani ya vitabuni, yaani mali ukitoa madeni, mara 1.49. Jiulize kwa nini hawakutumia EBITDA. Kwa benki, riba ndiyo bidhaa. Huwezi kuhesabu faida "kabla ya riba" kwa mtu anayeuza riba. Equity, benki nyingine ya Kenya, nayo ilikubaliana mwaka 2019 kununua asilimia 66.53 ya BCDC, benki ya Kongo, kwa dola milioni 105, na ilipofunga biashara Agosti 2020 ililipa 95. Tafuta nini kilitokea katikati. KCB na Equity zote ziko kwenye soko la hisa la Nairobi, ripoti zao za mwaka ziko wazi, na sura za Kongo zimo humo. Andika kurasa mbili: ningelipa kiasi gani kwa BCDC, na kwa nini. Ukiingia tena kwenye usaili wa Nairobi ukiwa na kurasa hizo, wao ndio watakaokuuliza maswali ya kutaka kujua, maana Kongo wanaisoma kwenye ramani, wewe unaishi humo.

Na migodi, usisahau migodi! Ivanhoe Mines iko kwenye soko la hisa la Toronto, na kanuni za Kanada zinailazimu kutoa ripoti ya kiufundi ya Kamoa-Kakula, mgodi ulio karibu na Kolwezi ulioanza kuzalisha mwaka 2021. Ndani yake utakuta mwaka kwa mwaka: tani, kiwango cha shaba kwenye mawe, gharama, kodi, na fedha zinazobaki, kisha thamani ya leo. Ni mtiririko kamili wa fedha uliofanywa na wataalamu, bure. Uandike upya kwenye Excel yako kutoka mwanzo hadi namba yako ilingane na yao. Utagundua mambo mawili. La kwanza, hakuna ile hesabu ya "miaka yote" niliyokufanyia kwa malori, kwa sababu mawe yana mwisho: unahesabu hadi tani ya mwisho, kisha unatoa gharama ya kufunga mgodi. La pili, wanapunguza kwa asilimia 8. Asilimia 8, mgodi wa Kongo, wakati malori yetu tumeyapiga 20! Ni desturi ya watu wa migodi, na soko hulijua hilo, hivyo mara nyingi hulipa chini ya namba inayotoka. Ukiweza kulieleza hilo bila kusoma popote, umewapita wengi wenye vyeti.

Angalia pia mrabaha. Kwa kanuni za madini za 2018, shaba inatozwa asilimia 3.5 na kobalti, kwa kuwa ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati, asilimia 10, na inatozwa kwenye thamani ya mauzo, si kwenye faida. Mwaka ambao bei imeanguka na mgodi hauna faida, mrabaha unalipwa palepale. Weka bei mbaya kwenye jedwali lako uone unavyouma.

Ufundi wa mikono hauna siri. Namba ulizoziingiza ziwe za bluu, zinazohesabiwa ziwe nyeusi, mizania isawazike yenyewe, na mtu mwingine aweze kufungua faili lako usipokuwepo. Jaribio moja la usaili lijue usingizini: uchakavu ukiongezeka kwa 10, nini kinatokea? Kwa kodi ya asilimia 30, faida inashuka 7, fedha taslimu zinapanda 3 kwa sababu umelipa kodi kidogo, mali za kudumu zinashuka 10, mtaji wa wenye kampuni unashuka 7, na pande zote mbili zimeshuka 7. Mhasibu anayefunga bilani kila mwaka asibabaike hapo.

Basi kozi: usiinunue sasa. Sisemi kozi hizo ni za wizi, nyingine zinafundisha Excel vizuri. Lakini wanachouza hasa ni mpangilio wa masomo na cheti, na hakuna mwajiri niliyemwona akiajiri kwa sababu ya cheti hicho. Maliza kwanza kazi ya patroni, BCDC na Kamoa-Kakula. Ukikwama mahali unapoweza kupataja kwa jina, nunua somo linalohusu hapo tu.

Shahada ya Johannesburg ni jambo zuri kwa mwenye ufadhili. Kwa mkopo, hapana, si kabla hujagusa kazi yenyewe. Ajira za benki ya uwekezaji zinazohusu eneo letu ziko zaidi Johannesburg, Nairobi na London, na milango yao ya mbele ni ya wale waliosoma hukohuko. Wewe una mlango wa pembeni: idara ya wateja wakubwa kwenye benki zenye matawi hapa Lubumbashi, ofisi za ukaguzi zinazofanya ushauri wa ununuzi wa makampuni, au idara ya fedha ya mgodi mkubwa, hasa upande wa mipango na bajeti. Miaka miwili mitatu huko, ukiwa na uthamini wako mkononi, inakutosha kubisha hodi Nairobi.

Kaka yako sasa. Ana haki ya kusikilizwa. Minervali aliyolipa ndiyo mtaji wa kwanza uliowahi kuwekezwa kwako. Lakini ombi lake lichukue kama unavyochukua ofa ya yule Mzambia. Duka linauza kiasi gani kwa mwezi, bidhaa zinakaa rafuni siku ngapi, wanaokopa wangapi hawalipi? Kaa naye jioni moja, mkishamaliza bukari, mwandikie hesabu hiyo kwenye daftari lake. Kama duka linazungusha vizuri, weka 500 na mkubaliane kwa maandishi kama ni mkopo au ni sehemu ya duka. Kama halizungushi, bidhaa zaidi zitalala palepale na zile zilizolala, na yeye mwenyewe ataliona kabla hujalisema. Kwa vyovyote umetumikia nyumba kwa elimu aliyoilipia.

Zinazobaki ziweke kwenye kompyuta yenye betri inayovumilia kukatika kwa umeme, intaneti, na mwalimu wa Kiingereza. Hilo la mwisho usiliruke. Usaili wa Nairobi ni kwa Kiingereza hata kama aliyekuketisha anasema Kiswahili kama mimi na wewe, na kutetea asilimia 20 kwa lugha unayoitafuta maneno ni kazi maradufu. Chukua ripoti ya KCB, fungua ukurasa wa Kongo, usome kwa sauti, kisha funga na uueleze kwa maneno yako, na umwombe mwalimu akukatize kwa maswali.